Kwa nini mtunzi Mozart aliuita mwendo wake wa piano "wa Kituruki" na hakuwahi kufika Uturuki?

Ndugu uliyeuliza, hakuhitaji kufika. Sauti yenyewe ilikuwa imeshafika Vienna, mji wa Austria alikoishi. Majeshi ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki, yaliuzingira mji huo mwaka 1683, na askari wa Janisari, kikosi maalumu cha sultani, walikuwa na bendi yao, mehter: ngoma kubwa, matoazi, tarumbeta na zurna, ambayo ni ndugu kabisa wa zumari letu la pwani. Hofu ilipopoa ikageuka fasheni. Wafalme wa Ulaya wakaanza kutaka bendi za namna hiyo katika majeshi yao.

Sasa sikiliza ule mwendo wa Mozart, sehemu ya mwisho ya sonata (utunzi wa piano wenye sehemu kadhaa) yenye namba K. 331 katika orodha ya kazi zake, iliyochapishwa 1784. Mkono wa kushoto unapiga zile noti za haraka haraka kabla ya pigo. Hiyo ndiyo ngoma! Baadaye hata zikatengenezwa piano zenye pedali ya kugonga ngoma na kengele. Mimi naona ni kichekesho, lakini ziliuzwa.

Ila muziki wenyewe si wa Kituruki. Hauna makam (mipangilio yao ya sauti) wala midundo yao halisi; ni Mzungu anaigiza. Mtunzi Beethoven naye alifanya hivyo kwenye "Magofu ya Athens", muziki wa mchezo wa kuigiza, na tena katika Simfonia ya Tisa (1824): ngoma kubwa, matoazi na pembetatu (kichuma cha kugonga) zinaingia, kisha mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu anaimba juu yake. Anza na hiyo ya Tisa, utaisikia bila kuonyeshwa.