Kubalini Sindano ya Mgongo

Msomaji wa Siaya ameniandikia juzi. Dadake anaishi na VVU, alikohoa kwa muda mrefu, na sasa kichwa kinamuuma hadi hawezi kutazama mwanga. Daktari anataka kumtoa maji ya mgongo, wajomba wamekataa: eti akidungwa hapo atapooza. Anauliza pia kama kweli ARV, zile dawa za VVU, zinaweza kungojeshwa. Nimemjibu kubalini leo hii, huenda ni yule fangasi wa ubongoni aliyempata shemeji yangu. Nanyi wengine mnaouguza watu wenu, najua mngefanya lolote wapone, basi sikieni.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa mvuvi Mfangano. Kuhamahama visiwani kukamfanya aache ARV. Alirudi Kisumu amekonda, anakohoa, na mtaa mzima ukasema TB. Makohozi hayakuonyesha kitu. Kisha kichwa kikaanza. Zahanati moja, sitaitaja, ikampa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani. Alipoanza kuniita kwa jina la marehemu mamake, nikaita teksi.

Hospitalini CD4, hesabu ya chembe za kinga mwilini, ilikuwa chini ya 100, na damu ikaonyesha kriptokokasi. Ni fangasi wa udongoni na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Huvutwa kwa pumzi, kwa hiyo mlango wake ni mapafu. Mwenye kinga nzuri humdhibiti bila hata kujua. Kinga ikiporomoka, fangasi hutoka mapafuni, hupita kwenye damu na kupanda hadi ubongoni. Haambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo waliokuwa wakimtengea shemeji kikombe chake walijisumbua bure (na walimuumiza).

Wazee wakakataa sindano. Mmoja akanifokea kwenye korido kwamba mimi nimeolewa tu pale, damu si yangu. Sijasahau. Nilimpigia mume wangu Nairobi, akaongea na daktari, akakubali.

Uti wenyewe, ule wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, huishia juu ya pale sindano inapoingia, ndiyo maana hauguswi. Tena maji hayo si ya kupima tu: fangasi huziba njia zake, shinikizo likapanda kichwani. Ya shemeji yalitoka kwa kasi, na jioni hiyo akaomba uji. Walirudia tena baadaye, na safari hiyo hakuna mzee aliyenifokea.

Dawa ilikuwa amfoterisini, ile ya zamani, ya kila siku, iliyomtetemesha kitanda kizima huku figo zikichungwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta), pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ulizeni kama ipo. Msione haya kuuliza, daktari hataudhika, na akiudhika ulizeni tena.

Na anayeanza ARV au aliyeziacha akarudi, CD4 ikiwa chini, aombe kipimo cha damu cha kriptokokasi kabla kichwa hakijauma. Kipimo hicho kinaweza kumwona fangasi wiki kadhaa mapema, na hapo flukonazoli inaweza kumzuia asifike ubongoni.

Msomaji wangu wa Siaya, jambo la mwisho uliloniuliza: ndiyo, wanaweza kuwaambia ARV zingoje wiki 4 hadi 6. Msizitafute kwingine kwa siri. Kinga ikiamka ghafla wakati fangasi bado wamejaa ubongoni, uvimbe wake unaweza kumuua mgonjwa.