Kiraka kinachonata: kwa vijana wapya wa kazi ya boti za faiba

Juzi pale Shela, Lamu, nimemkuta kijana ameinama ubavuni mwa boti, anasugua kiraka cha jelikoti, ile rangi nzito ya nje ya boti ya faiba, ambacho bado kinanata. Msasa umejaa ute huoni hata namba. Nikamuuliza kulikoni. "Haikushika, ami. Naongeza koti lenye hadina nyingi." Hadina ndiyo dawa ya kugandisha jelikoti, na koti ni tabaka moja la kupaka. Nikakaa kitako mchangani, maana maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, kwa sauti ya uhakika vilevile.

1. Nta ya kung'arishia boti hutolewa kwanza, ndipo msasa. Ukianza na msasa unaishindilia nta kwenye mikwaruzo, halafu unakuja kulia kwangu kwamba koti limebanduka.

2. Hadina hupimwa. Bomba la sindano lipo duka la dawa, bei ya chai. Kwa gramu 100 za jelikoti tia hadina gramu 1 hadi 2. Joto la Machi linakuruhusu kukaribia 1, si kushuka chini yake. Na usiniambie una jicho la kupimia. Jicho hilo nilikuwa nalo.

Mwaka wangu wa pili kazini, nahodha mmoja anayebeba wageni kutoka uwanja wa ndege wa Manda alinikabidhi boti iliyogonga gati. Mwalimu wangu alikuwa Mokowe, nami nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Nikaupanua ufa kwa msasa namba 80, nikafuta asetoni, nikapaka jelikoti vizuri. Nasema vizuri kwa sababu mpaka hapo sikukosea sana. Alfajiri naigusa: inanata. Kaskazi ilipuliza usiku kucha, na kirakani mmeganda mchanga na nywele za punda. Nikaamua hadina haikutosha. Nikachanganya kopo jingine, hadina namimina kama mtu anayetia tui kwenye mchuzi. Kopo likaniunguza kiganja, likaanza kufuka moshi. Badala ya kuliweka kando nikakimbilia kupaka kabla halijaganda: juu ya mchanga, juu ya nywele za punda, juu ya kila kitu.

Baada ya siku mbili kiraka kilikuwa cha manjano, kimepasukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka. Nahodha hakunigombeza. Alilipa nusu, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu anayeijua kazi hii.

Mwalimu aliporudi alikikwaruza kwa ukucha. "Lile koti la kwanza, ulilitia nta?" Nta gani tena? Ndipo akanieleza kwamba jelikoti tupu ikiachwa wazi haikauki juu. Oksijeni ya hewani huuzuia uso kushika, hata kama ndani imekuwa jiwe. Koti langu la kwanza lilikuwa zima! Lilitaka kufutwa asetoni na kupigwa msasa, basi. Nililiua kwa dawa ya ugonjwa ambao halikuwa nao.

3. Kwa hiyo koti la mwisho litie nta yake ya kuchanganya kwenye jelikoti, si ile ya kung'arishia, au lifunike kwa nailoni. Zamani tulikata mfuko wa dukani. Tangu mifuko ipigwe marufuku 2017, tunaomba vipande vya nailoni kwa wajenzi. Ukitaka kupaka juu ya koti lenye nta, lisugue kwanza.

4. Hadina na kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, zisikutane zenyewe kwa zenyewe, hulipuka. Vaa miwani. Hadina ikiruka jichoni, osha kwa maji dakika 15 papo hapo, kisha hospitali.

5. Klia ya makopo mawili, ile rangi angavu ya juu inayochanganywa na hadina yake, usiipulize ukiwa na barakoa iliyobaki ya korona. Hiyo haizuii mvuke. Tafuta barakoa yenye vichujio vya mvuke. Vanishi ya mbao nayo, makoti membamba mengi, na acha kupaka magharibi ikiingia, umande utakulia kazi. (Yuko mmoja wenu hapa anayepaka mpaka taa ziwashwe. Anajijua.)

6. Kusugua ni msasa namba 400, 600, 800, 1000, 1200, ndipo kampaundi, dawa ya kung'arisha. Ukiruka namba, jua la saa nne litakuonyesha kila mkwaruzo, na mwenye boti naye atauona.

Na wewe wa Shela, usiongeze chochote kwenye kile kiraka. Kesho alfajiri njoo na asetoni na namba 400, maji yakiwa bado yametoka.