Nani Nyumbani Kwako Anampa Mbwa Dawa?

Mteja akirudi dukani kulalamika kwamba mbwa ameanza tena kujikuna, simuulizi kwanza alitumia dawa gani. Dawa naijua, mara nyingi aliinunua hapa hapa kwangu. Namuuliza, "Bosi, dawa anampa nani?"

"Kijana wa getini."

"Ulimwelekezaje?"

"Nilimwambia ampe kidonge kimoja kila asubuhi."

Kimoja mpaka lini, kabla ya kula au baada, akikitema afanyeje, vikikaribia kuisha amwambie nani: hayo hayakusemwa. Aliyekaa kwenye benchi akaelezwa na daktari ni mmoja, anayeshika bakuli la mbwa kila siku ni mwingine. Nauza dawa za mifugo hapa Tabora mjini na nafanya kazi na daktari wa mifugo kwa karibu, na nimeona tiba nyingi za aleji zikifia kati ya watu hawa wawili.

Mara nyingi mbwa huzaliwa na mwelekeo wa kupata aleji ya ngozi, hata kama haijajionyesha. Ngozi yake inachukizwa na vitu visivyomsumbua mwenzake, kama vumbi la ndani, chavua za majani au ukungu. Kwa kawaida dalili huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Analamba nyayo mpaka manyoya yanapata rangi ya kutu, anasugua uso ukutani, masikio yananuka, makwapa na kinena vinakuwa vyekundu. Jemani shepadi, ambao siku hizi ndio walinzi wa nyumba nyingi za Ipuli na Cheyo, wamo kwenye aina zinazosumbuliwa sana. Aleji hii haiponi. Ni kama presha: inatulizwa, na ukiacha dawa inarudi. Mteja akiambiwa hivyo siku ya kwanza anakunja uso, na mwache aukunje. Aliyeahidiwa kwamba mbwa atapona hatarudi kuchukua dozi ya mwezi wa pili.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kweli ni aleji. Upele unaoletwa na utitiri nao unawasha vibaya sana, na huo unaambukiza mbwa wengine na hata watu wa nyumbani. Daktari anakwangua ngozi kidogo na kuangalia kwenye hadubini. Maabara ya veterinari, TVLA, ina kituo hapa hapa Tabora, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Na naomba tuachane na oili chafu ya gari, tuachane na maji ya tumbaku. Najua tumbaku tunayo ya kumwaga mkoa huu, lakini nikotini inapenya ngozini, na mbwa atajilamba ainywe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia nayo imeshapeleka mbwa kaburini.

Viroboto nao wana sura yao. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hahitaji viroboto wengi. Wachache tu wanamtosha kujing'ata kiunoni na kwenye shina la mkia mpaka manyoya yaishe. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa. Umempaka dawa, wiki mbili zimepita, unaona viroboto tena, unasema dawa feki. Lakini wale waliokuwa juu ya mbwa walikuwa sehemu ndogo tu. Mayai, viluwiluwi na pupa, yaani viroboto ambao bado hawajakomaa, wako mahali anapolala, na pupa ndani ya kifuko chake hadhuriki kirahisi na dawa, anaweza kukaa humo miezi akisubiri. Sasa fikiria mbwa wa Tabora analala wapi: chini ya mwembe, kwenye mchanga wa kivulini wenye unyevu kidogo, hatua tatu kutoka banda la kuku. Viluwiluwi hawapendi jua kali, kivuli hicho wanakipenda. Kuku nao wana viroboto wao, wale wanaoganda usoni kama chembe za ulezi, na wanahamia masikioni mwa mbwa. Kwa hiyo anika gunia lake juani kila wiki, fagia na kuchoma takataka za pale alipolala, tibu kuku na mbwa wote wa nyumba kwa pamoja, na endelea mwezi baada ya mwezi hata usipoona kitu. Kama una paka, soma kwanza kwenye chupa: dawa ya mbwa yenye permethrini, kiua wadudu, inaua paka.

Tuje kwenye vidonge. Dawa inayopatikana kirahisi kwetu ni prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza muwasho. Inafanya kazi haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoponza watu. Siku chache mbwa ametulia, mwenye mbwa anaweka vilivyobaki kabatini "vya akiba". Prednisoloni iliyotumika kwa muda haikatishwi ghafla. Mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe na unahitaji kushushwa taratibu, mara nyingi mpaka kufikia siku moja anakunywa, siku moja anapumzika. Hiyo ya kuruka siku ndiyo inayovuruga nyumba nzima. Hakuna anayekumbuka kama jana ilikuwa siku ya kunywa. Wengine hutumia tarehe za witiri, halafu mwezi wenye 31 unaisha na mbwa anapewa siku mbili mfululizo. Dawa yake ni kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani: zungushia duara siku zote za dawa za mwezi mzima, itundike pale linapokaa bakuli, na anayempa aweke alama ya vyema akishampa. Kijana wa getini akibadilishwa, anayekuja anaikuta.

Mwambie pia kila mtu nyumbani kwamba mbwa akinywa dawa hii atakunywa maji mengi, atakojoa mara nyingi, na atakuwa na njaa ya ajabu. Yuko mama mmoja aliyesimamisha dawa kwa sababu barazani pananuka mkojo kila asubuhi. Angeelezwa mapema, angempeleka mbwa nje usiku kabla ya kulala, na angempigia daktari aulize kama dozi inaweza kushuka.

Kidonge chenyewe ni kichungu. Ukikitupa ndani ya ugali na dagaa, mbwa mjanja anakula pembeni pembeni, na ukigeuza bakuli unakuta kidonge kimenata chini, kimelowa nusu. Fanya tonge tatu ndogo: ya kwanza tupu, ya pili yenye kidonge, ya tatu tayari mkononi aione. Anameza ya pili akiwahi ya tatu. Kisha angalia mdomo.

Kuogesha kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ngozi iliyokunwa inaingia bakteria na fangasi, na hao wanaongeza muwasho. Shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, inatakiwa kukaa mwilini kama dakika 10 kabla ya kusuuza. Povu la nusu dakika halifanyi chochote. Washa redio, nyimbo tatu zipite, huku unasugua katikati ya vidole na kwenye makwapa. Mara moja kwa wiki inawatosha wengi. Sabuni ya kufulia inamkausha ngozi.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, maana jaribio lake wengi hawaliwezi. Daktari akitaka kujua kama chakula ndicho kinachowasha, mbwa anakula aina mpya ya nyama na wanga, labda mbuzi na viazi vitamu kama hajazoea kuvila, kwa wiki 8 hivi bila kuonja kingine. Mbwa anayefunguliwa usiku akapita majalalani, au ambaye watoto wanamtupia mifupa, jaribio hilo limeshaharibika. Kama hamwezi kumfunga, mwambieni daktari ukweli, msile hasara ya mbuzi bure.

Ukweli huo huo usemwe kuhusu hela. Ziko dawa mpya, vidonge vya Apoquel ambavyo mbwa wa chini ya miezi 12 hapewi, na sindano ya Cytopoint inayochomwa kila wiki 4 mpaka 8, ambayo ingewafaa sana wanaosahau vidonge. Kwenye rafu za mjini kwetu sijaziona, na kuagiza ni gharama. Mtu akisema mapema kwamba kwa mwezi ana kiasi fulani tu, daktari anapanga ndani ya hicho: labda udhibiti wa viroboto, shampuu, na prednisoloni kidogo iwezekanavyo. Mpango wa bei nafuu unaofuatwa mwaka mzima naupenda kuliko wa gharama unaokatika mwezi wa pili.

Na ninyi wenzangu mnaouza dawa au kutibu, msimuulize mteja "umempa dawa vizuri?" Atasema ndiyo, nani atakubali aibu? Mwambieni, "Kusahau ni kawaida, wiki hii mlisahau mara ngapi?" au mwombeni aje na kopo mhesabu vilivyobaki. Kila wiki mwenye mbwa aandike muwasho kwa namba, sifuri hadi 10, nyuma ya kalenda ile ile. Namba ikipanda mara mbili mfululizo, au ngozi ikitoa usaha, au masikio yakianza kunuka, apige simu bila kusubiri tarehe ya kurudi. Akiwa anasafiri kwenda shambani Urambo au Dar, amwachie anayebaki vidonge vya kutosha, namba ya daktari, na hela ya vocha.