Makaburi ya Wapolandi Tengeru: nenda, lakini usiishie kwenye misalaba

Watu wengi wa Arusha wanaijua Tengeru kwa soko. Siku ya gulio barabara inafurika ndizi, nyanya na mitumba, na daladala zinapita kwa kubahatisha. Ni wachache wanaojua kwamba karibu na Ziwa Duluti, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi yanayokaribia 150, yamepangwa kwa safu nyuma ya ukuta. Na kwamba kuanzia 1942 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 hapo palikuwa na mji wa watu wapatao 5,000, wenye kanisa, shule, hospitali, karakana na mashamba.

Nimekuwa nikienda pale mara kwa mara, wakati mwingine na wanafunzi, wakati mwingine na wageni wanaotafuta kaburi la bibi yao. Naandika haya kwa anayetaka kwenda, na zaidi kwa yule ambaye nyumbani kwao Meru bado kuna mzee aliyekuwepo enzi hizo.

Kwanza ujue watu hao walifikaje, maana bila hilo utaona saruji tu. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 mwezi huohuo Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia nzima nzima zilitolewa majumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa huko kwa njaa, baridi na maradhi. Hitler alipoigeukia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachia, na jeshi la Wapolandi likaundwa chini ya Jenerali Władysław Anders. Mwaka 1942 wanajeshi na raia walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume waliokuwa na nguvu walikwenda vitani. Kina mama, watoto na wazee walitafutiwa mahali pa kukaa katika makoloni ya Waingereza, na karibu 20,000 wakaletwa Afrika. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, lakini kulikuwa na nyingine Kondoa, Ifunda na Kidugala, Masindi na Koja kule Uganda, hata Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Hao ndio waliolala pale. Mtu alinusurika Siberia, akavuka Iran, akapanda meli kuja pwani yetu, kisha malaria ikammaliza chini ya Mlima Meru.

Ukifika getini, jieleze kwa walinzi wa chuo, watakuelekeza. Kuna mtunzaji wa makaburi. Msalimie vizuri, mpe muda akusimulie, na ukiweza umwachie chochote. Kazi hiyo ya kung'oa majani na kufagia ni ya mikono ya hapahapa, na ndiyo iliyofanya mahali hapo pawe na sura ya heshima mpaka leo.

Nenda mapema asubuhi, au jua likianza kushuka. Mwanga wa ubavuni unaangukia maandishi na herufi zilizofifia zinajitokeza, ambazo saa sita mchana huwezi kuziona kabisa. Kama jiwe lina vumbi au kuvu, tumia maji na brashi laini tu. Brashi ya waya, sabuni ya unga na kupaka rangi juu ya herufi vinaharibu kitu ambacho hakitapatikana tena.

Maandishi yenyewe hayatishi ukishazoea. Mengi yanaanza na Ś.P., ambayo ni sawa na marehemu. Ur. ni kuzaliwa, zm. ni kufariki. Mwezi mara nyingi huandikwa kwa namba za Kirumi, kwa hiyo 12.VI.1943 ni tarehe 12 Juni. Nakili jina kama lilivyo, pamoja na vistari na vinukta vyake, maana mjukuu anayetafuta akiwa Kanada atalitafuta hivyo. Kumbuka pia kwamba majina mengi ya ukoo hubadilika mwishoni kufuatana na jinsia: baba anaishia na -ski, binti yake na -ska, na wote ni nyumba moja. Linganisha miaka ya kuzaliwa na kufariki kabla hujahama kaburi. Utakuta watoto wadogo, na ukikuta mtoto aliyezaliwa 1939 na kufa 1943, utajua kwamba karibu maisha yake yote yalikuwa njiani.

Wengi huishia hapo, wakapiga picha na kuondoka. Mimi naona nusu ya urithi huo haimo ndani ya ukuta. Wapolandi wameandika habari zao: wana picha, nyaraka, kumbukumbu walizozichapisha wakiwa Uingereza, Kanada na Australia, maana baada ya vita wengi hawakuwa na pa kurudi, vijiji vyao vya mashariki vikiwa vimeachwa upande wa Wasovieti. Sisi upande wetu hatujaandika karibu chochote. Nani aliwauzia maziwa? Nani alifua, nani alijenga vile vibanda vya duara vyenye kuta nyeupe na mapaa ya nyasi? Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945 sasa amepita 90. Jambo hili halisubiri.

Ukienda kwa mzee, usimwulize anakumbuka nini kuhusu wakimbizi. Atakujibu hajui, alikuwa mtoto. Bibi mmoja wa Akheri alinijibu hivyohivyo. Basi nikamwuliza mama yake alikuwa akiuza wapi maziwa. Akanyoosha mkono kuelekea chuoni. Mama alitoka alfajiri na kibuyu, akasema, na kulikuwa na mwanamke wa Kizungu aliyechovya kidole, akaonja, ndipo akanunua. Siku nyingine alikirudisha kibuyu na kipande cha mkate kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, na wao watoto waligombea kitambaa kuliko mkate. Uliza vitu vya namna hiyo: njia waliyopita, bei, chakula, nguo, nani aliajiriwa. Nenda na mjukuu wa nyumba hiyo, shikamoo iwe ya kweli, chai ikija unywe. Kama mazungumzo yanatiririka kwa Kimeru, yaache yatiririke, tafsiri utaifanya baadaye.

Usimbane kwa miaka ya kalenda. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya kutahiriwa kwa rika fulani, au kabla ya watu kufukuzwa Engare Nanyuki. Hapo atakuwa na uhakika, kwa sababu hilo hakuna Mmeru wa umri wake aliyelisahau: Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao na kuwapa walowezi, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Kwangu habari hizi mbili hazitengani. Serikali iliyowatafutia wakimbizi makao Tengeru ndiyo iliyowachomea wenyeji nyumba, katika Meru hiyohiyo. Anayepeleka wanafunzi makaburini awaambie zote mbili.

Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Mwanzoni mwa sauti taja jina la mzee, kijiji na tarehe, maana mafaili yasiyo na jina hupotea yakiwa bado kwenye simu. Kisha toa nakala: moja ibaki na familia yake, moja iende maktaba ya shule ya kata, moja uihifadhi nje ya simu yako. Akikutolea kitu cha zamani, sufuria au picha, kipige picha na umrudishie palepale mkononi.

Walioko Uganda wana kazi yao hiyohiyo. Karibu na msitu wa Budongo, Nyabyeya wilayani Masindi, kanisa walilolijenga Wapolandi bado limesimama na waumini wa hapo wanasali ndani yake. Anzeni na wazee wanaokaa viti vya mbele, Jumapili misa ikiisha.