Kabla sarafu haijatumbukia: sheria za pool kwa timu za mtaani

Saa nne usiku, baa moja ya Tabata, Dar es Salaam, tuko ugenini. Nne kwa nne, gemu ya tisa, ya mwisho. Mchezaji wao kabakiza nyeusi peke yake, yaani namba 8, mpira wa kumalizia gemu. Kaonyesha shimo la kona kwa ncha ya fimbo, kainama, kapiga. Nyeusi ikaingia safi kabisa. Nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, nayo ikagonga ukingo, ikarudi taratibu, ikapenya katikati ya mipira yetu miwili, ikafika mdomoni mwa shimo la katikati, ikasita kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, ikazama.

Nusu ya baa ikalipuka kwa shangwe. Nusu nyingine, yaani sisi watu kumi na mmoja, tukalipuka pia.

"Kaka, hapo mmepoteza," nikamwambia kapteni wao. "Nyeupe imezama na nyeusi."

"Hapa kwetu nyeusi ikishaingia mchezo umekwisha. Nyeupe inahusikaje?"

"Sheria inasema..."

"Sheria ipi?"

Hapo nikakwama. Jioni ile tulipopeana mikono aliniuliza tunachezaje, nami nikajibu kwa kujiamini, "Sheria za kawaida tu." Akaitikia. Kila mmoja alikuwa na kawaida yake kichwani. Tulibishana karibu dakika arobaini, mwenye baa akaja kutuambia tuchague kati ya kucheza na kwenda nyumbani, gemu ikarudiwa, tukafungwa. Simlaumu yule kaka. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekuwa kapteni.

Tangu usiku ule kila anayeniambia anaanzisha ligi ya pool mtaani kwao namwambia aache kwanza habari ya jezi na kikombe, akae na makapteni wenzake waandike karatasi moja. Moja tu, pande mbili ikibidi. Haya hapa ndiyo ya kuandika, kwa jinsi nilivyoyajua kwa kuumia.

Anza na meza yenyewe, maana ugomvi mwingi unatoka tumboni mwake. Sheria za kimataifa, zile za WPA, chama cha pool cha dunia, ziliandikwa kwa kufikiria meza ambayo mpira ukiingia shimoni unaweza kuutoa kwa mkono. Meza zetu ni za sarafu. Mpira ukizama umezama, unateremka tumboni na hauonekani tena mpaka mtu atumbukize sarafu nyingine. Ni nyeupe tu inayorudi, kwa sababu imetengenezwa tofauti: kwenye meza nyingine ni kubwa kidogo kuliko wenzake, kwenye nyingine ina chuma ndani na meza ina sumaku ya kuichepusha. Sasa chukua hili: mtu anavunja, yaani anapiga pigo la kwanza la kutawanya mipira, nyeusi inaingia palepale. Kimataifa hajashinda wala hajapoteza, anachagua nyeusi irudishwe mezani aendelee, au mipira ipangwe upya avunje tena. Kwetu huwezi kuirudisha, imemezwa. Ndiyo maana mtaa mmoja unasema ameshinda, mtaa wa pili unasema amepoteza, na wote wawili wana hakika hiyo ndiyo sheria ya dunia.

Sisi tulikubaliana mipira ipangwe upya na avunje yuleyule. Vizuri. Wiki iliyofuata ikatokea kweli, na kikazuka kikao kingine kizima: sarafu ya nani? Andikeni na hilo. Kwetu mwenyeji ndiye anayetoa, kwa kuwa ndiye anayeuza vinywaji usiku huo.

Hiyo nyeupe nayo ina mambo yake. Ikiwa kubwa au nzito kuliko mipira mingine, ukiipiga chini ili irudi nyuma haitaki kurudi, na ukiipiga katikati inajivuta mbele zaidi ya unavyotaka. Mchezaji wa nyumbani amelizoea hilo miaka mitatu. Wewe umefika saa mbili kasoro dakika tano, huna habari. Fikeni mapema, kila mtu apige mipira mitano sita. Na muulizeni mwenyeji meza imelalia upande gani, maana hakuna meza ya baa isiyolala upande.

Kupanga hakuna ubishi mkubwa. Mipira 15 kwenye pembetatu, nyeusi katikati, yaani katikati ya mstari wa tatu, na kwenye kona mbili za nyuma ndogo moja na kubwa moja. (Ndogo ni 1 hadi 7, kubwa ni 9 hadi 15, ile yenye mshipi. Naandika kwa ajili ya wageni.) Anayevunja aingize mpira, au angalau mipira minne ifike ukingoni. Asipofanya hivyo mpinzani anaweza kudai ivunjwe upya. Hii ya minne inasaidia sana dhidi ya wale wanaovunja kwa kubusu tu ili mwenzao akutane na kichuguu.

Ubishi unaanza mpira ukishaingia. Mitaa mingi ninayoijua, ukivunja ikaingia ndogo, basi wewe ni ndogo, hakuna kuchagua. Kimataifa meza bado iko wazi: unaendelea kupiga, lakini ndogo au kubwa utaipata kwa mpira wa kwanza utakaouingiza kihalali baada ya hapo. Mimi napenda ya pili. Kuvunja kuna bahati nyingi mno, na sioni kwa nini bahati imchagulie mtu kundi wakati ana macho. Lakini kwenye ligi yetu nilishindwa kura, tukabaki na ya mtaani. Haikuvunja ligi. Ilikuwa imeandikwa.

Faulo ndiyo mfupa wenyewe. Kuna shoti mbili, yaani ukikosea mwenzako anapewa mapigo mawili, na kuna nyeupe mkononi, yaani mwenzako anaishika nyeupe na kuiweka mwenyewe kabla ya kupiga. Shoti mbili asili yake ni pool ya baa za Uingereza, ile ya mipira myekundu na ya njano. Nyeupe mkononi ndiyo ya mchezo wa Marekani, wenye mipira ya namba kama yetu. Sisi tumechukua mipira ya Marekani tukaipa adhabu ya Mwingereza, halafu tunashangaa kwa nini haikai sawa. Mkichagua shoti mbili, jibuni maswali haya kwenye karatasi: nyeupe ikizama inawekwa wapi, popote au nyuma ya mstari wa kuvunjia? Ukiingiza mpira kwa shoti ya kwanza, ya pili bado unayo? Na je, shoti mbili zinabebwa mpaka kwenye nyeusi au kwenye nyeusi ni moja tu? Hilo la mwisho limewahi kunigombanisha na rafiki yangu wa utotoni kwa wiki mbili.

Sisi sasa tunatumia nyeupe mkononi, unaweka popote mezani. Wazee wa baa walilalamika kwamba ni adhabu kali. Ni kali, na imetuondolea faulo za makusudi. Zamani mtu akiona hana njia alikuwa anaigusa nyeupe kidogo, anakuachia shoti mbili pahala ambapo hata ishirini zisingekusaidia. Siku hizi hathubutu.

Pamoja na hiyo wekeni sheria ya ukingo: ukishagonga mpira wako, lazima kitu fulani kiingie shimoni au mpira wowote, hata nyeupe, uguse ukingo. Bila hiyo mtu anasogeza mpira nusu inchi na kusimama kando akinywa soda. Ila ujue ndiyo sheria ngumu kuisimamia, kwa sababu mipira miwili iliyokaribiana inataka jicho la mtu aliyekaa vizuri. Ukiona mwenzako anaelekea kupiga shoti ya namna hiyo, sema kabla hajapiga: "Subiri, refa aangalie." Ukisema baada ya mpira kusimama umechelewa, na utaonekana mtu wa visa. Refa wetu ni mchezaji wa timu ambayo usiku huo haina mechi. Analipwa chipsi kuku.

Sasa nyeusi. Hapa msione tabu kuandika kirefu. Unapoteza gemu ukiiingiza kabla ya kumaliza mipira yako. Ukiiingiza kwa pigo lilelile lililoingiza mpira wako wa mwisho. Ikiingia shimo ambalo hukulitaja. Ikiruka nje ya meza. Au ikiingia huku umefanya faulo, ikiwemo nyeupe kuzama. Hiyo ya mwisho ndiyo ya Tabata. Kimataifa gemu ile ilikuwa yetu. Ila kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui, hata mimi sikuujua: nyeupe ikizama wakati unapiga nyeusi, na nyeusi haikuingia, hujapoteza. Ni faulo tu, mwenzako anachukua nyeupe mkononi, mchezo unaendelea. Mitaa mingi wanahesabu umepoteza. Aliyenionyesha ni dada mmoja wa timu yetu, fundi cherehani, ambaye yeye peke yake ndiye aliyekuwa amezisoma sheria zote mpaka mwisho kwenye simu akisubiri wateja. Nilikuwa nimeshampa mpinzani mkono wa pongezi. Akaniita pembeni, "Kapteni, rudisha mkono wako." Gemu ile tulishinda.

Kutaja shimo nako kuna hila. Kwa mipira mingine tunataja pale tu penye utata, mfano mpira wa kugonga ukingo kwanza. Kwa nyeusi lazima kila mara, na mdomo hautoshi, kelele za baa zinameza maneno. Watu huweka chaki kando ya shimo. Usiweke chaki. Mkono wa mchezaji umezoea kuichukua, atapaka fimbo, ataiweka pengine, na papo hapo shimo limehama. Tunatumia kifuniko cha soda. Na kama kwenu mnacheza ile ya nyeusi kuingia shimo lilelile la mpira wako wa mwisho, iandikeni kwa herufi kubwa, maana mgeni hawezi kuiotea.

Mambo ya timu nitayapita haraka. Majina ya wachezaji kwa mpangilio yaandikwe na makapteni wote wawili kwa wakati mmoja kisha wabadilishane karatasi, la sivyo kila mmoja anangoja kuona mwenzake anamtoa nani kwanza. Kila timu iwe na mwandishi wa matokeo, na wasaini wote kila gemu ikiisha, si mwisho wa usiku. Kumwelekeza mchezaji: kapteni peke yake, mara moja kwa gemu, dakika moja. Tuliweka hii kwa sababu kila baa ina mzee mmoja anayejua kila kitu na sauti yake inafika mpaka barabarani. Shikamoo yake tunampa, ushauri wake tunamwomba autunze mpaka mpira usimame. Dau za pembeni kati ya wachezaji, hapana. Timu ikichelewa nusu saa inapoteza gemu ya kwanza, na baada ya hapo moja kila robo saa.

Na muda wa kuanza. Mnaokumbuka mwaka 2016, Rais Magufuli alipowajia juu vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, mnajua kwamba mchezo huu una macho yanayoutazama vibaya. Mechi zetu hazianzi kabla ya saa moja usiku, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa tulimpelekea ratiba kabla hajatuuliza. Alituuliza swali moja tu, tutamaliza saa ngapi.

Ile karatasi yetu sasa tumeitia plastiki, iko ukutani kwenye baa zote nane. Msimu uliofuata tulirudi Tabata. Kapteni wao alinipokea mlangoni akiwa na kalamu.

"Kaka, mmesahau kitu," akasema. "Umeme ukikatika?"

Nikabaki nimemtazama. Miaka yote hiyo, umeme ulivyokatika mara zote zile, na hakuna aliyefikiria. Tuliandika mlemle mlangoni, yeye akitaja na mimi nikiandika juu ya paja: mchezo unasimama, hakuna anayegusa mpira, na kila timu inaacha mtu mmoja kando ya meza akiwa na tochi ya simu.

Saa tatu na nusu umeme ukakatika. Nilikaa gizani na kijana mmoja wa kwao kwa dakika hamsini, tukimulika nyeusi.