Vijiti vya Chini ya Mchu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuliwapeleka wanafunzi Bagamoyo kuona mikoko. Chini ya michu, aina mojawapo ya mikoko, tope limejaa vijiti vilivyosimama wima, na aliyetutembeza akaviita nyumatofori. Je, ni miche? Na jina hilo limetoka wapi?
Mwalimu wa sekondari, Morogoro

JIBU: Marahaba. Si miche, ni mizizi. Mchu hutandaza mizizi yake kwa ulalo chini ya tope, kisha vijiti hivyo huchipuka humo kwenda juu. Mti mkubwa huwa navyo maelfu, na wanafunzi wasivikanyage, nitakwambia kwa nini.

Jina ni la Kigiriki. Pneuma ni pumzi au upepo. Katika Agano Jipya la Kigiriki ndilo neno lililosimama mahali petu pa “Roho”. Phoros ni mwenye kubeba, kama katika fosforasi, mbeba nuru. Basi nyumatofori ni mbeba pumzi. Mimi darasani nilikuwa nikisema mizizi ya kupumulia, na mtihani walifaulu.

Na kweli mti hupumulia humo. Tope la mikokoni karibu halina oksijeni, ndiyo sababu linanuka mayai viza. Kila kijiti kina vitundu vidogo kwenye ganda na nafasi nyingi za hewa ndani. Maji yakijaa, vitundu havipitishi maji. Mzizi unaendelea kutumia oksijeni iliyomo na kanieneo ya ndani inashuka. Bamvua au maji mafu, yakishatoka tu, hewa mpya inafyonzwa. Mtafiti Scholander na wenzake walilionyesha hilo kwa vipimo mwaka 1955. Ndiyo sababu nasema wasivikanyage: ndiyo njia ya pumzi ya mti. Mafuta machafu au udongo wa mafuriko ukivifunika, mti hukosa pumzi na kufa umesimama. Mwache, karibu na Mombasa, eneo kubwa la mikoko liliangamia kwa udongo ulioletwa na mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Mlilana, mkoko wa aina nyingine, nao una mizizi hiyo, minene na mirefu zaidi. Ni myepesi, na wavuvi huikata wakafanya maboya ya nyavu. Wataalamu wa wanyama nao wanaita nyumatofori lile boya la gesi linalomwelesha Physalia, kiumbe wa baharini anayefanana na yavuyavu. Huyo mkimkuta ufukweni, hata akiwa mfu, msimguse: nyuzi zake bado huchoma.