Viatu vya kuvaa na kilti kwenye harusi ya Edinburgh

Ndugu, umeuliza kama viatu vyako vyeusi vya ofisini vitafaa kuvaa na kilti, ile sketi ya jadi ya wanaume wa Uskoti, kwenye harusi ya Edinburgh. Kama ni vya ngozi, vya kamba na vimeng'arishwa, vinatosha kabisa, hakuna atakayekushangaa. Ila kabla ya kununua chochote, waulize wanaokukodisha kilti, maana mara nyingi viatu huwa ndani ya kodi.

Watakavyokupa huenda ni brogi za gili, viatu vya ngozi vya jadi vya kuvaa na kilti: hazina ulimi, na kamba zake ni ndefu mno. Hapo ndipo wengi hukwama. Kaza kamba kwenye matundu, zisokote pamoja mara tatu au nne juu ya mguu, zipitishe nyuma ya kifundo, zirudishe mbele, kisha funga fundo kando kidogo ili vishada vining'inie. Usizipandishe hadi kwenye shavu la mguu. Zitateleza ukianza kucheza, na ukizikaza kuzuia hilo zitabana damu. Mguu ukifa ganzi, legeza mara moja. Mwenye kisukari au miguu inayovimba achague viatu vya kawaida na amuulize daktari wake.

Vijaribu ukiwa na soksi zenyewe za sufu. Ni nene, hivyo pengine utahitaji nusu saizi zaidi. Soli mpya ya ngozi huteleza vibaya ukumbini. Ikiwa viatu ni vyako, ikwaruze kidogo kwa msasa.

Buti nzito na soksi zilizoshushwa zinapendeza, lakini kwa matembezi ya mchana. Raba ziache nyumbani.